Morris Minor ya 1963: nifufue shokapu za asili au nifunge za gesi?

Kijana_Bububu
Assalaam alaykum wakubwa. Nina Morris Minor 1000 ya mwaka 1963, ya marehemu baba. Si ya maonyesho, naitembeza kila siku Bububu hadi Darajani, hapa Unguja. Kwenye matuta mbele inadunda mara tatu nne ndipo itulie, na nikipakia watu nyuma inagonga. Shokapu ni zile za Armstrong, zenye mkono uliochomoza kwenye kibweta cha oili; ya mbele kulia imeloa kwa kuvuja. Fundi anataka azitoe zote nne, afunge za gesi za gari ndogo ya Kijapani, anasema hizi spea zake hazipo tena. Roho inasita. Naomba ushauri.

Mzigo_Mkokotoni
Funga gesi, kaka. Mimi nina za gesi za Kayaba kwenye Suzuki Carry na sina malalamiko.

Fundi_Mstaafu
Wa alaykum salaam, mwanangu. Mbele asiguse mtu! Kwa Morris, ule mkono wa shokapu ndio mkono wa juu wa gurudumu, ndio unaoishika kwa juu kingpini, ile pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia. Carry haiko hivyo. Akiutoa bila kuweka mwengine badala yake, gurudumu halina kinacholishika.

Na kabla hujatoa pesa ya shokapu, tazama kingpini. Kwa chini ina thredi, meno kama ya skrubu. Ikikosa grisi zinalika kimya kimya, na siku zikiisha gurudumu linalala chini ya bodi, gari iko njiani na watu ndani. Kwa chumvi ya huku kwetu usingoje. Piga jeki tairi ielee, ndipo utie grisi juu na chini mpaka uone ya zamani inatoka. Gari ikikaa chini, uzito unaziba upande ule ule unaolika.

Za nyuma zipime hivi: fungua kiungo, usukume mkono wa shokapu juu na chini. Uzito uwe mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ukikuta pahala panateleza tu, oili imepungua au upepo umeingia. Jaza, uchezeshe mkono, ujaze tena. Ikirudi vile vile, valvu imekwisha. Ile inayovuja inataka sili na bushi, pengine na shafti ipite kwa mkereza vyuma.

Chake_Moris
Spea zipo, asikutishe. Za mbele nimeagiza Uingereza zilizokwisha kufufuliwa, nawe unawarejeshea zako mbovu. Nyuma nimefunga za bomba, zile ndefu za kawaida za magari ya sasa, kwa mabano yaliyotengenezwa kwa Morris yenyewe, maana Chake–Wete napakia sana. Zimenifaa.

Ila chagua laini. Gari haifiki kilo 800, ukiweka ngumu kila shimo linapanda kwenye bodi. Na pima urefu: springi ikishuka mpaka kwenye raba ya kuzuia kugonga, shokapu iwe bado na nafasi, gurudumu likining'inia, lisizuiwe na shokapu. Za kuokoteza ndizo zinazong'oa mabano.

Kijana_Bububu
Shikamoo mzee. Basi mbele nabaki na za asili, naagiza. Nyuma nazipima kwanza. Oili gani lakini? Dukani wananipa ya breki.

Fundi_Mstaafu
Marahaba. Ya breki usiitie kabisa. Kitabu cha gari kinataja oili ya Armstrong, na ikikosekana kinaruhusu oili ya kawaida ya SAE 20, isipokuwa kwenye baridi kali, ambayo sisi hatuna. Maduka ya pikipiki wanayo, ile ya shokapu za mbele za pikipiki, namba 20. Piga brashi kwanza pale kwenye kizibo cha kutilia oili, kichanga kikiingia kinaharibu valvu.

Siku ya kuzifungua za mbele, jeki ikae chini ya mkono wa chini wa gurudumu, si chini ya chesisi. Tosheni baa, ile fimbo ya chuma inayojipinda badala ya springi, inakuwa bado imebana. Mkono ukifyatuka unavunja mguu wa mtu.