Ufa kwenye muundi: mkimbiaji wa 5,000 abaki bwawani tu, au na jimu pia?

KochaMeru
Habari zenu wakuu. Nina binti wa miaka 21, mbio zake ni mita 5,000. MRI imeonyesha ufa kwenye mfupa wa muundi, nyuma kwa upande wa ndani, theluthi ya chini. Daktari amemkataza kukimbia wiki 6. Kutembea ruksa kwa kuwa haumii. Hoteli ya jirani imetukubalia bwawa asubuhi, kina mita 1.2 upande mmoja na 1.9 upande wa pili. Binti ana urefu wa mita 1.70 na kuogelea hajui. Je, maji yatatosha kumtunzia pumzi? Na huko majini afanye nini hasa?

FizioPwani
Kocha, afadhali ufa uko nyuma. Ule wa mbele ya muundi ni msumbufu, kwa sababu kila hatua inauvuta utanuke, na wengine huishia kuwekewa chuma. Wa nyuma kwa ndani kwa kawaida huunga vizuri mtu akitulia.

Mpe vyote viwili, lakini usichanganye kazi zake. Maji yanatunza moyo na mapafu. Mfupa yanaupumzisha tu, hayaujengi, kwani mfupa hujijenga kwa kubebeshwa mzigo. Mkimbiaji akishinda bwawani wiki 6 bila kugusa uzito wowote, anatoka na pumzi nzuri na mguu usioweza kuibeba. Ndiyo maana wengi huumia upya siku chache tu baada ya kurudi barabarani.

Hesabu ya kina iko hivi: maji yakifika kiunoni, miguu inabeba takriban nusu ya uzito wa mwili, chini ya kifua, theluthi moja hivi, shingoni, sehemu moja ya kumi. Hapo amesimama. Akitembea kwa kasi au akiruka, mzigo unapanda. Kwa urefu wake, upande wa mita 1.2 unamfika chini ya kifua, kwa hiyo wiki za mwanzo asiruke hapo.

Jambo jingine ambalo makocha wengi tunalipita: mwombe dada au mama wa timu amuulize kwa staha kama hedhi inakuja kila mwezi na kama anakula vya kutosha. Binti wa mbio ndefu mwenye ufa wa namna hii apimwe hayo, pamoja na vitamini D. Kama hedhi imekatika, bwawa wala jimu havitamponya.

MbioMajini
Mpeleke upande wa mita 1.9. Anachotakiwa kufanya ni kukimbia akielea, nyayo zisiguse sakafu kabisa. Avae mkanda wa kuelea, maji yamfike mabegani. Jaketi la kuokolea linaweza kushika nafasi yake, ila linapanda hadi kidevuni na kuchubua makwapa; livalishwe juu ya fulana na mikanda ikazwe.

Upande wa kina wa mabwawa ya hoteli huwa mfupi, dakika moja umefika ukutani. Chukua tyubu ya baiskeli, ikate, mfunge kiunoni, ncha nyingine kwenye ngazi ya chuma. Anakimbia palepale, na tyubu ikilegea unajua ameacha kusukuma.

Mwili uinamie mbele kidogo sana, kuanzia kwenye kifundo na si kiunoni. Goti lipande karibu usawa wa nyonga, kisha mguu usukumwe chini na nyuma kama anayekanyaga ardhi. Mikono ijikunje kama barabarani, ngumi zimefungwa kidogo. Kosa utakaloliona akichoka ni viganja kufunguka na kuanza kuchota maji, huku magoti yakizunguka mbele kama anaendesha baiskeli. Akifika hapo simamisha, apumzike.

Badala ya kilomita, tumia muda. Siku ya kasi: dakika 10 za kupasha mwili, kisha dakika 2 kwa nguvu mara 8, mapumziko sekunde 30 tu, kwa sababu majini mapigo hushuka upesi. Siku nyingine dakika 5 mara 5, mapumziko dakika 1. Siku ya mbio ndefu, muda uleule ambao angekaa barabarani. Usimlinganishe na saa ya mapigo: majini moyo hupiga pungufu kwa 10 hadi 15 kwa dakika kwa jitihada ileile. Mwulize juhudi kwa kipimo cha 1 hadi 10. Siku ya kasi iwe 8 au 9. Hesabu pia goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 30. Namba itakuwa ndogo kuliko nchi kavu, hilo lisikutishe. Kinachotakiwa ni namba ya raundi ya mwisho isianguke. Wakimbiaji waliozoea mazoezi wamepimwa baada ya wiki 4 hadi 6 za hivi na uwezo wa pumzi ukakutwa haujashuka.

ChumaNaKamba
Naongezea upande wa jimu, siku 3 kwa wiki. Majini misuli hufanya kazi ikijikunja tu. Ile kazi ya kujizuia unaposhuka, inayotokea kila unapotua, haipo kwa sababu maji yanakushikilia. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza: kulala chali na kunyanyua nyonga, tumbo, mgongo, mikono. Mfupa ukibonyezwa hauumi, aanze kunyanyua visigino kwa miguu miwili, 15 mara 3, kisha mguu mmoja. Asikimbie kabla ya kufikisha 25 safi kwa mguu mmoja.

Wenye maumivu ya kano ya kisigino wasiige mpango huu wa ufa. Kano inataka uzito mapema na polepole, kushusha kisigino kwenye ngazi kila siku. Bwawa kwao ni nyongeza tu.

KochaMeru
Asanteni sana. Bado mambo mawili: anaogopa maji, na mwezi wa saba hapa Arusha bwawa ni baridi kweli.

MbioMajini
Siku mbili za kwanza abaki upande wa mita 1.2 na mkanda wake, ashike ukingo, ajifunze kuelea wima. Mwoga hukaza mabega na moyo kwenda mbio bila kazi. Asiingie peke yake hata siku moja, na anayemsimamia awe anajua kuogelea.

Baridi: kwa kazi ngumu maji ya nyuzi 26 hadi 28 ndiyo mazuri. Yakiwa chini ya hapo, avae nguo ya kubana ya mikono mirefu, apashe mwili nje kwanza, na siku ya baridi kali upunguze muda badala ya kupunguza kasi. Akianza kutetemeka, atoke.

FizioPwani
Wiki 6 zikiisha na daktari akiridhika, atembee dakika 30 bila maumivu, kisha aruke majini upande wa kifuani, amevaa raba kuukuu maana vigae huchubua nyayo. Akiruka kwa mguu mmoja nchi kavu bila kuumia, aanze: dakika 1 kukimbia, 4 kutembea, mara 6, kwenye udongo tambarare. Siku inayofuata bwawani. Kisha 2 kwa 3, 3 kwa 2, 4 kwa 1. Muundi ukiuma usiku au asubuhi yake, arudi hatua moja nyuma. Ukiendelea kuuma akiwa amepumzika, arudi kwa daktari.