Naomba ushauri: mlonge na kitunguu saumu kwa ndama wa maziwa

Wafugaji wenzangu, shikamooni wakubwa. Niko Muheza, Tanga. Ndama ni wawili, chotara wa Friesian, wiki ya tano, kilo 45 kwa utepe wa kupimia uzito. Wanakunywa lita 4 za maziwa kwa siku, asubuhi na jioni, na maji safi muda wote.

Nataka kuwaongezea unga wa majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, gramu 20 kila mmoja. Naona uende kwenye pumba: maziwa huruka tumbo la kwanza na kupitiliza hadi la nne, na unga hutuama chini ya ndoo. Mmewahi kuzidisha gramu hizo 20?

Kitunguu saumu nakihofia, kikizidi huharibu chembe nyekundu za damu. Punje ngapi zinatosha? Mmoja anaharisha kidogo, mkia umeganda kinyesi, nisubiri kwanza kumpa hivi?