Difu ya 3.7, 4.1 au 4.3 kwa magari ya kawaida: turuhusu ipi, na gharama tuzibane wapi?

MtotoWaChumbageni:
Wakuu, salaam. Tunaoandaa daraja la Toyota za zamani zinazosukuma kwa nyuma, kwenye ule mzunguko wa vumbi upande wa Pongwe, kanuni zimekwama kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Difu ya 4.1 maana yake propela (shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma) inazunguka mara 4.1 magurudumu yakizunguka mara moja; namba ikiwa kubwa gari inatoka kona kwa nguvu, ila injini inazunguka zaidi kwa kasi ile ile. Injini tumekubaliana zibaki kama zilivyotoka kiwandani. Difu kila mtu anavutia kwake. Kuna wanaosema ufunge utakayo, kuna wanaotaka uwiano mmoja kwa wote, na kuna wanaotaka difu iwe huru ila injini iwekewe kikomo cha mizunguko.

Nimepiga hesabu. Gia ya nne ikiwa moja kwa moja (1.0), tairi 195/65R15 (mzingo wake karibu mita 2), injini ikizunguka 6,000 kwa dakika: difu ya 3.7 inatoa kama kilomita 194 kwa saa, 4.1 inatoa 175, na 4.3 inatoa 167. Huko hatufiki. Sisi tutakuwa gia ya tatu muda mwingi, kwa hiyo kama gia yako ya tatu ni 1.4, gawanya kasi hizo kwa 1.4. Mimi naegemea 4.1. Nyie je?

KijanaWaNgamiani:
Iwe huru. Mashindano ni akili ya mtu na fundi wake. Mimi nina 4.3 tayari, nitaifunga na mtanikuta mbele nikitoka kona. Wamarekani wana difu za kubadilisha gia kwa mgongoni, dakika chache tu uwanjani. Mbona hatuzungumzii hizo?

FundiPongwe:
Kijana, hizo zina gia mbili zilizonyooka nyuma ya nyumba ya difu. Unafungua kifuniko, unabadilisha jozi, uwiano umebadilika, krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo za ndani ya difu) hukuzigusa. Ni kitu kizuri kweli. Lakini difu yenyewe ni ghali, inakula nguvu kidogo ya injini, na ili ikufae lazima uwe na sanduku zima la jozi. Ndiyo maana hata kwao viwanja vingi vidogo vinazikataza kwenye madaraja ya chini. Wengi hutumia Ford ya inchi 9, ambayo matumbo yake yanatolewa kwa mbele yakiwa mazima. Hilux na Corolla nyingi za zamani zenye ekseli ya mti mmoja zimejengwa kwa namna hiyo, kwa hiyo kubadilisha ni rahisi. Mark II ya GX100 ni habari nyingine, nyuma magurudumu yanajitegemea, kazi yake ni ndefu.

Tena kinachomaliza pesa hapa ni injini, difu inafuata mbali. Ukifunga 4.3 utatoka kona vizuri, halafu kwenye mnyooko injini inapiga kelele hadi mwisho, mzunguko baada ya mzunguko. Mwenye 4.1 akiona hivyo anatafuta 4.5, na wewe utamfuata. NASCAR wenyewe, wale wa mashindano makubwa ya magari Marekani, pamoja na pesa zao zote, mwaka 2005 waliweka kanuni ya gia ili kushusha mizunguko ya injini.

MtotoWaChumbageni:
Na kikomo cha mizunguko?

FundiPongwe:
Kwenye injini yenye kompyuta, sawa. Kwenye ya kabureta unanunua kifaa cha kukata moto wa plagi, na waya wake mmoja tu ukihamishwa hakifanyi kazi tena. Nani atakagua waya za gari ishirini asubuhi ya mashindano?

BintiRaskazone:
Mie ndiye mtakayenipa kazi ya ukaguzi, kwa hiyo nisikilizeni. Uwiano mmoja bila saizi moja ya tairi ni kanuni ya bure. Mzingo wa 195/65R15 ni karibu mita 1.99. Wa 185/60R14 ni kama 1.81. Mtu akivaa hiyo ndogo, 4.1 yake inakuwa kama 4.5, wala hajagusa difu. Nami nitapita pale nimwandikie "sawa". Andikeni difu na tairi kwenye mstari mmoja.

MzeeWaMuheza:
Vijana, mmesahau difu ya kuchomelea. Zile gia ndogo za katikati zikichomelewa, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Kwenye vumbi gari inatoka kona bila gurudumu la ndani kupiga bure, na gharama ni welding tu. Yenye klachi ndani ni bora zaidi, ila bei yake si ya daraja hili. Mie naona ya kuchomelea iruhusiwe.

FundiPongwe:
Shikamoo mzee. Nakubali, kwa sharti gari ije juu ya trela. Ukiendesha difu ya kuchomelea kwenye lami mpaka Muheza, kila kona tairi zinaburuzwa na shafti zinajikunja. Na wanaonunua za mtumba Dar na kutumiwa kwa basi: krauni na pinioni zinakuja jozi moja, zimesagwa pamoja. Usichukue krauni ya hapa na pinioni ya kule, italia na mwisho itang'oa meno. Nafasi kati ya meno kwenye Toyota nyingi hizi ni milimita 0.13 hadi 0.18. Fundi asiye na geji ya kupimia hiyo mpe kazi nyingine.

KijanaWaNgamiani:
Kuna kanuni nyingine ya Marekani naipenda. Viwanja vingine mshindani anaruhusiwa kuinunua injini ya mwenzake kwa bei iliyowekwa, kwa hiyo hakuna anayejaza pesa kwenye kitu atakachonyang'anywa. Tuifanye kwenye difu.

MzeeWaMuheza:
Hapa Tanga? Utaona watu wanaacha kusalimiana hadi msikitini.

BintiRaskazone:
Hiyo hapana. Fundi, nitajuaje uwiano bila kufungua difu?

FundiPongwe:
Anza na kibao cha gari. Kwenye msimbo wa ekseli wa Toyota herufi ya kwanza ni ukubwa wa krauni, tarakimu mbili zinazofuata ni namba ya siri ya uwiano, si uwiano wenyewe. Ila kibao hakijui kama difu imebadilishwa. Kwa hiyo gia huru, piga jeki gurudumu moja la nyuma, jingine libaki chini na kabari, tia alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu mara 20 (likizunguka peke yake linahesabiwa nusu). Propela ikizunguka 41 ni 4.1, ikizunguka 43 ni 4.3. Ya kuchomelea inua yote mawili, zungusha mara 10.

MtotoWaChumbageni:
Basi naandika rasimu: 4.1, tairi 195/65R15, kuchomelea ruksa, gari kwa trela. Mwenye pingamizi aseme kabla ya Ijumaa.

KijanaWaNgamiani:
Nauza difu ya 4.3, nzima na nyumba yake. Nani anataka?

FundiPongwe:
Zungusha kwanza mara 20.