Amiri Yaqub Khan anabebeshwa gunia la misumari lisilo lake

Ndugu wapenda historia, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu kila anapotajwa Mohammad Yaqub Khan, amiri (mtawala) wa Afghanistan, wa jamii ya Wapashtuni, aliyetawala kutoka Kabul kwa miezi michache ya mwaka 1879, husemwa neno lilelile: alikuwa dhaifu, akaiuza nchi kwa Waingereza kwa mkataba aliotia saini pale Gandamak. Basi! Hakuna anayeuliza ni nani aliyemfikisha hapo.

Huyu hakuwa goigoi. Mwaka 1868 ndiye aliyeitwaa Kandahar na kumfungulia baba yake, Sher Ali Khan, njia ya kurudi kwenye kiti alichonyang'anywa na ndugu zake wa mama mwingine. Ni kweli kwamba baadaye alimwasi baba huyo na kuuteka mji wa Herat, lakini walipatana, akaachiwa aitawale. Kisha mwaka 1873 mdogo wake, Abdullah Jan, akatangazwa mrithi, na mwaka uliofuata Yaqub akaitwa Kabul kwa ahadi kwamba hatadhurika. Alipofika, alitiwa kifungoni. Baba mzazi!

Alikaa humo takriban miaka 4, na hakutolewa kwa huruma. Abdullah Jan alikuwa amefariki Agosti 1878, Waingereza walikuwa wameivamia nchi mwezi Novemba, na Sher Ali alikuwa akikimbilia kaskazini, ambako alifariki Februari 1879. Mtu anatoka kifungoni, punde miji ya Jalalabad na Kandahar inaangukia mikononi mwa adui, halafu mnamlaumu kwa kutia saini huko Gandamak, tarehe 26 Mei, mkataba uliowapa Waingereza mambo ya nje na njia ya milimani ya Khyber iendayo India, kwa malipo ya rupia laki 6 kwa mwaka?

Tarehe 3 Septemba, askari wa vikosi vya Herat waliokuwa wakidai malimbikizo ya mishahara walimuua mjumbe wa Uingereza, Cavagnari, pamoja na walinzi wake. Amiri hakupeleka kikosi cha kumwokoa, hapo simtetei. Mwezi uliofuata alikiacha kiti, akapelekwa India, akafia huko mwaka 1923.

Kiti kilimwangukia binamu yake, Abdur Rahman Khan, ambaye naye aliwaachia Waingereza mambo yote ya nje na, mwaka 1893, akaukubali mpaka wa Durand, kati ya Afghanistan na India ya Waingereza, uliowagawa Wapashtuni pande mbili. Huyo mnamwita Amiri wa Chuma.