Kombe la Dunia la pikipiki za kampuni moja: Harley-Davidson, hili halikubaliki

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo tangu lilipotangazwa, nikitarajia hasira itapoa, na haijapoa. Harley-Davidson, kwa kushirikiana na wamiliki wa MotoGP, yaani mashindano makuu ya dunia ya mbio za pikipiki, wameanzisha kwa mwaka 2026 mashindano wanayoyaita Kombe la Dunia la Bagger: duru 6 zenye mbio 2 kila moja, katika wikiendi zilezile za MotoGP, kwenye viwanja vya Austin, Mugello, Assen, Silverstone, Aragón na Red Bull Ring. Pikipiki zote ni za aina moja, yaani Road Glide ya Harley-Davidson yenyewe, na hakuna kampuni nyingine iliyoruhusiwa kuingia. Sasa kombe la dunia ambalo mwenye kombe anashindana na nafsi yake ni la dunia ipi?

Kwa wasiozifahamu, bagger ni pikipiki nzito ya safari ndefu, yenye kikinga upepo kipana mbele na masanduku mawili ya mizigo kandokando ya gurudumu la nyuma. Mwaka 2020 MotoAmerica, waandaaji wa mbio za ubingwa wa pikipiki wa Marekani, walizipeleka kwenye uwanja wa Laguna Seca, California, zikashindane masanduku yakiwa palepale, na wengi wetu tuliona ni mchezo wa kuchekesha watazamaji. Siku ile Tyler O'Hara alishinda akiwa juu ya Challenger, bagger ya kampuni ya Indian, mpinzani wa Harley-Davidson. Mwaka 2021 Kyle Wyman akaupeleka ubingwa kwa Harley-Davidson, 2022 O'Hara akauchukua tena, 2023 Hayden Gillim akashinda na Harley, 2024 Troy Herfoss akashinda na Indian, na 2025 Wyman akarudi kileleni. Hesabuni wenyewe: miaka sita, kampuni mbili, tatu kwa tatu, na hakuna iliyotamba miaka miwili mfululizo.

Mimi ni fundi, na kilichonivuta kwenye mbio hizi ni injini kabla ya kitu kingine chochote. Ile ya Harley ni ya inchi za ujazo 131, karibu sentimita za ujazo 2,150, ambayo valvu zake bado zinasukumwa na fimbo kutoka chini kama zilivyosukumwa enzi za mababu, ilhali ya Indian ni ndogo, inchi 112, inapozwa kwa maji na kamshafti zake, yaani vyuma vinavyozunguka kufungua valvu, zimekaa juu kwenye vichwa vya silinda. Ni fikra mbili tofauti kabisa za namna ya kutengeneza injini, na kanuni ziliwekwa ili mkubwa asimmeze mdogo, hadi mashine zenye uzito usiopungua kilo 281 zikawa zinaingia kona ya Corkscrew, pale Laguna Seca, bega kwa bega, gurudumu la nyuma likitapatapa kwa breki na sanduku la pembeni likikaribia kukwangua lami. Pikipiki ya MotoGP, kwa kulinganisha, inaruhusiwa kuwa na kilo 157 tu. Ukimwona mtu anaulaza mzigo wa namna hiyo huku mpinzani wa kampuni nyingine anamtafuta kwa ndani, unasimama kwenye kiti.

Hicho ndicho walichokiacha nyumbani. Wamebeba masanduku, wamebeba mngurumo, wamebeba mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na mpinzani wamemwacha, tena mpinzani ambaye ni mkubwa kwao kwa umri, kwani Indian ilianza Springfield mwaka 1901 na Harley-Davidson ikaanza Milwaukee mwaka 1903. Hata kwenye kijiwe cha bodaboda, ubishi wa Boxer na TVS ndio unaowaweka watu macho. Ondoa TVS, halafu uone kama kuna atakayebaki kubishana.

Najua wapo watakaonijibu kwamba hata MotoE, mbio za pikipiki za umeme, ilikuwa na pikipiki za kampuni moja, Energica kwanza na baadaye Ducati. Ni kweli, na MotoE imesimamishwa baada ya msimu wa 2025 kwa sababu haikupata mashabiki wa kutosha. Isitoshe, MotoE haikuwahi kuwa na ushindani wa kampuni mbili ambao mtu aliuvunja kwa makusudi.

Kuhusu hilo neno dunia, angalieni tena orodha ya viwanja: kimoja Marekani, vitano Ulaya. Afrika haijaandaa mbio za MotoGP tangu Welkom, Afrika Kusini, mwaka 2004, kwa hiyo sikutegemea tufikiriwe, ingawa inauma. Lakini MotoGP inakwenda Buriram, Thailand, na Harley-Davidson wana kiwanda chao nchini humohumo, na bado Asia nzima haikupewa hata duru moja.

Ninachodai ni kimoja kati ya viwili. Ama kwa msimu wa 2027 mlango ufunguliwe kwa Indian na kwa yeyote mwingine anayetengeneza pikipiki ya safari yenye masanduku, kwa kanuni za uzito na ujazo kama zile za MotoAmerica, ama waite mashindano haya Kombe la Road Glide na neno dunia walifute kwenye mabango. Mwenye hoja ya kuwatetea ailete hapa, ila aanze kwa kunieleza O'Hara na Herfoss wamekosa nini hata pikipiki waliyoshindia isiruhusiwe kufika Mugello.