Gumzo la ukoo: Idi na tarumbeta lake

Idi: Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri. Nimeitwa studio kupiga tarumbeta kwenye albamu ya nyimbo za mapenzi, muziki wa kuchezeka. Wenzangu tunaopiga nao jazi wameninunia, wanasema nimekimbilia pesa.

Mjomba Hamisi: Marahaba mjomba. Maneno hayo hayo aliambiwa Donald Byrd.

Shangazi Mwajuma: Byrd ndiye nani? Wa Western Jazz?

Mjomba Hamisi: Hapana shemeji. Western Jazz walikuwa wetu, walipiga dansi, hiyo "jazz" ilikuwa jina la bendi tu. Byrd ni mpiga tarumbeta wa jazi, Mmarekani wa Detroit, kazaliwa 1932, baba yake mchungaji wa Kimethodisti. Alipiga na mpiga ngoma Art Blakey kwenye bendi yake, Jazz Messengers. Herbie Hancock, yule mpiga piano maarufu, akiwa bado kijana asiyejulikana, Byrd ndiye aliyemchukua kwenye bendi yake. Yaani jazi ilikuwa nyumbani kwake.

Mjomba Hamisi: Sasa 1973 akatoa albamu ya Black Byrd. Besi nzito, ngoma za kuchezesha watu, sauti za kuitikia. Wahakiki wa jazi wakamshukia kama mwewe. Lakini kampuni iliyotoa santuri zake, Blue Note, ilikuwa haijawahi kuuza santuri nyingi kiasi kile.

Rehema: Kwa hiyo kweli alifuata pesa?

Mjomba Hamisi: Angalia alifanya kazi na nani kwenye albamu hiyo. Maprodyuza Larry na Fonce Mizell, ndugu wa tumbo moja, wahitimu wa Howard, chuo cha Wamarekani weusi kule Washington. Byrd mwenyewe alikuwa mwalimu hapo. Fonce alishapita Motown, kampuni ya santuri, alikuwemo kati ya waliotunga I Want You Back ya Jackson 5. Baadaye Byrd akawakusanya wanafunzi wake, wakawa bendi ya The Blackbyrds, na 1975 wimbo wao Walking in Rhythm ikaingia kumi bora Marekani. Wanafunzi, Rehema! Mtu anayejali tumbo lake tu hawezi kuwafungulia njia wanafunzi wake namna hiyo.

Shangazi Mwajuma: Bado sijaridhika. Pesa ya watu huja na masharti yao.

Rehema: Nimeitafuta hiyo Black Byrd, naisikiliza sasa hivi. Mjomba, mbona tarumbeta lenyewe halisikiki sana? Linatokeza kidogo, linarudi ndani.

Mjomba Hamisi: Umesikia vizuri mwanangu, na hapo ndipo panaponiuma hata mimi. Zamani Byrd alikuwa akisimama, anapiga solo mpaka anaimaliza hadithi yake. Kwenye hii anasema maneno mawili matatu, waimbaji wanampokea. Alipoteza kitu, siwezi kuwadanganya.

Mjomba Hamisi: Lakini tafuta na wimbo Cristo Redentor, Byrd aliourekodi 1963. Tarumbeta na kwaya, wanaimba bila maneno. Miaka kumi kabla ya Black Byrd! Mtoto wa mchungaji alikuwa ameshaanza kuzitafuta zile sauti za watu. Ndiyo maana sikubali kwamba 1973 alibadilika ghafla kwa sababu ya pesa.

Baba Idi: Mkataba unasemaje? Analipwa kwa siku au jina lake litaandikwa kwenye wimbo?

Idi: Sijauliza baba.

Baba Idi: Uliza kabla hujafungua mfuko wa tarumbeta.

Shangazi Mwajuma: Hapo sawa. Na huyo Byrd wazee wa jazi walimsamehe?

Mjomba Hamisi: Wapo waliokataa kabisa. Ila vijana wa rap walichukua vipande vya muziki kwenye zile santuri zake, wakavitia kwenye nyimbo zao, na 1993 mwana-rap Guru akamwita Byrd mwenyewe aje apige kwenye albamu yake, Jazzmatazz. Amekufa 2013.

Idi: Nimeelewa mjomba. Kesho nampigia prodyuza. Nitauliza la jina, na nitaomba nafasi katikati ya wimbo nipige peke yangu. Wakikataa yote mawili siendi.

Mjomba Hamisi: Vizuri. Jumapili pita uichukue santuri, uisikilize siku nzima. Usiiache juani, itapinda.