Laptopu inatoa harufu nikiipa kazi nzito, shida nini?

mkata_video
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Laptopu yangu ina miaka 3 haijawahi kunisumbua, ila wiki hii nikianza kuunganisha video ndefu, ikifika kama dakika 20 feni inavuma mpaka wa chumba cha pili anasikia, halafu inatoka harufu, siyo ya moshi, ni kama utamu utamu fulani wa dawa. Nikiandika tu hainuki. Nina kazi ya mtu nakabidhi keshokutwa na mafaili yote yamo humo, nina wasiwasi kweli.

feni_kuu
Vumbi hilo mkuu. Yangu ilikuwa inanuka hivyo hivyo, nilipoifungua nikakuta vumbi limeganda kati ya feni na zile mbavu za kupoozea, limeshikana kama kipande cha blanketi, hewa itapita wapi? Puliza, ila feni ishikilie isizunguke maana upepo ukiizungusha kwa kasi inaharibika. Na kitandani usiitumie, shuka linaziba matundu ya chini.

fundi_waya
Vumbi linanuka kuungua, halinuki utamu. Ingekuwa mpya ningesema plastiki na gundi za kiwandani, hizo zinaisha zenyewe. Hebu niambie, hiyo harufu inafanana na dawa ya kutolea rangi ya kucha? Kama ndiyo mimi nashuku betri, ni yale majimaji ya ndani yanavuja. Zima, chomoa chaja, iweke kwenye meza iliyonyooka uone kama imekaa sawa, na bonyeza ile pedi ya kipanya.

mkata_video
Ndiyo yenyewe kabisa!! Nimeiweka mezani inacheza kona moja, na pedi upande wa kushoto haibonyei, nilidhani uchafu umeingia.

fundi_waya
Betri imevimba ndugu yangu, inaisukuma pedi kutoka chini. Usiichaji tena hata dakika 5, na usiikandamize wala kuitoboa, lithiamu inawaka. Leo iweke sehemu isiyo na mapazia wala makaratasi, kesho mpe fundi aitoe. Mafaili hayakai kwenye betri, yako kwenye diski, na mashine nyingi diski inachomoka, anakuhamishia kwenye kompyuta nyingine unaendelea na kazi.

mkata_video
Nimeizima, iko kwenye vigae karibu na mlango. Asubuhi na mapema niko kwa fundi, asante sana mkuu.